Mkaratusi Nilioutia Chumvi

Mume wangu aliuleta ule mti kwa tramu, Jumamosi mchana, ameukumbatia kifuani kama mtu anayecheza rumba na mwanamke aliyemzidi urefu. Mimi nilikuwa dirishani nakung'uta kitambaa cha meza. Kwanza niliona majani yanakuja barabarani, kisha chungu cha plastiki, kisha kofia yake. Nikajua siku imeharibika.

"Maman, fungua mulango!" aliniita akiwa bado ng'ambo ya barabara. "Minaleta kintu!"

Nikafungua. Tunaishi chini kabisa katika moja ya zile nyumba ndefu za zamani za Saint-Gilles, hapa Bruxelles, Ubelgiji, zilizokatwakatwa kuwa vyumba vya kupanga, na ukumbi wetu ni mwembamba, watu wawili hawapishani bila kuombana radhi. Alipopita na mti, matawi yalifagia ukuta, na picha ya Bikira Maria aliyoachiwa na mama yake ikaanguka. Yangu ya Makka ilibaki mahali pake. Yeye ni Mkatoliki wa Lubumbashi, mimi ni Mwislamu wa Buyenzi, Bujumbura, na ndoa yetu ilifanikiwa kuwaudhi jamaa wa pande zote mbili kwa kiasi kile kile. Nilitaka kusema neno juu ya ile picha, lakini nikajizuia.

"Ni nini hicho?"

"Kalitusi," akajibu, akihema.

Nilimwomba arudie, akarudia.

Kwetu Burundi mkaratusi si mti wa kununua. Umejaa kila kilima, unakatwa, unachipua, unakatwa tena. Shule ya msingi tulitumwa kuni za mkaratusi, na aliyechelewa kuzileta alichapwa kwa fimbo ya mkaratusi. Tulipokimbilia Tanzania, upande wa Kigoma, choo chetu kambini kilisimama juu ya nguzo za mkaratusi mbichi, na nguzo moja ikachipua majani kabla haijakauka, kwa hiyo ukichuchumaa yanakupapasa sikio. Huko ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki ninachoandikia, na huko ndiko nilikoapa kwamba nikifika mahali penye gesi na choo cha kuvuta maji, mimi na mkaratusi basi, tumeachana.

"Apana, hii haiko sawa na ya kwetu," mume wangu akanieleza, akiufuta mti vumbi kwa kiganja. "Hii njo ya ku milima, kule Australie. Neige inaanguka, ye anasimama tu."

"Na sisi tunakaa wapi? Mlimani Australia?"

"Tunakaa Saint-Gilles. Bon. Baridi ni baridi."

Mti ulikuwa na lebo iliyofungwa kwa waya. Pichani, mkaratusi mmoja mzee ulisimama peke yake mlimani, umezama katika theluji, hiyo neige yake, umepinda huku na kule, gome lake limechanika mistari ya kijani, kijivu na rangi ya maziwa. Ulionekana kama mtu anayesubiri basi lililofutwa. Wetu ulikuwa bado fimbo ndefu yenye majani magumu ya kung'aa, na mishipa ya majani yale ilikwenda sambamba toka kikonyo hadi ncha, kama nywele zilizochanwa vizuri. Hilo nililiona, na likaniudhi kwamba nimeliona.

Ili nisimwonee, lazima niseme alikuwa katika hali gani. Kwa zaidi ya miaka ishirini alifanya kazi katika kiwanda cha magari kule Forest, akifunga milango. Gari linapita mbele yake, anafunga mlango, linakuja jingine. Kisha kiwanda kikafungwa. Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili akaanza na milango yetu: akaifungua, akaisikiliza, akaitoa bawaba, akaipaka mafuta, akairudisha. Mlango wa choo aliutengeneza vizuri mno hata binti yetu akakwama ndani asubuhi ya mtihani. Binti yetu anasomea uuguzi kule Woluwe-Saint-Lambert, na siku ile alifanya mtihani wa moyo na mishipa huku nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

Wiki ya tatu milango ilikwisha, mume wangu akakaa. Alivaa koti, akaketi kwenye kiti kinachotazama uani, na ukimuuliza anawaza nini anajibu, "Rien," yaani hakuna kitu. Mimi nahudumia wazee majumbani kwao. Namjua mtu anayekaa na koti ndani ya nyumba. Huwa hatoki.

Kwa hiyo siku ile alipoingia na mti, amelowa jasho, anaongea, nilipaswa kufurahi. Sikufurahi, kwa sababu nilijua ataupanda wapi.

Uani kwetu ni hatua sita kwa nne. Ni mali ya mwenye nyumba, bibi wa Kibelgiji anayeishi ghorofa ya juu yetu, naye alituruhusu kuutumia mradi tusichome nyama. Kando ya ukuta unaopigwa na jua nilikuwa na tuta langu la lengalenga. Watu hununua mboga hiyo kwenye maduka ya Matonge ikiwa imekwisha kunyauka; mimi nilikuwa naichuma nikiwa nimevaa viatu vya ndani. Na lebo ya mti, ambayo mume wangu alinisomea kwa sauti kana kwamba ni Injili, ilisema: jua kamili.

"Utayanywa maji yote," nikamwambia. "Kwetu wanaukata karibu na chemchemi, unajua kwa nini? Unanyonya hadi tope."

"Maman, hapa ni Bruxelles. Maji ni bure toka mbinguni, kila siku."

Mwenye nyumba aliinama dirishani akauliza kama mti huo unakua sana. "Un peu, madame," kidogo tu, mume wangu akamjibu, akionyesha kwa mkono mahali karibu na kifua chake. Mti wenyewe ulikuwa tayari umempita kichwa. Yule bibi akautazama mkono, akautazama mti, akafunga dirisha.

Kiangazi kizima aliuhudumia. Aliuwekea kijiti cha kuegemea, akauzungushia mawe, akaupimia maji kwa kikombe. Mimi nilimzalia mtoto kwa uchungu wa siku mbili, naye siku ya pili alikwenda kula mikate. Mti huu alikaa nao toka kifungua kinywa. Lengalenga yangu ikaanza kuwa ya njano pembeni. Huenda ni wadudu. Mimi sikuwa na nia ya kuwafikiria wadudu.

Sasa nitasema jambo ambalo si zuri. Siku moja nilichemsha makaroni katika sufuria kubwa ya sherehe, nikatia chumvi konzi mbili, kisha nikaongeza ya tatu ambayo makaroni hayakuihitaji. Mume wangu alikuwa amekwenda kwa kinyozi. Nikatoka uani na yale maji yakitoa mvuke, nikasema bismillahi, kwa mazoea tu, namwomba Mungu anisamehe, nikayamwaga kwenye shina.

Nilichosahau ni kwamba uwanja ule umeinama kidogo. Maji yalipita kwenye mawe yake mazuri, yakazunguka shina, yakateremka moja kwa moja kwenye tuta langu. Baada ya siku tano lengalenga yote ilikuwa imelala chini, kahawia, kama imekanyagwa na ng'ombe. Mti ulitoa tawi jipya.

Mume wangu alisimama mbele ya lile tuta, mikono nyuma.

"Ulikuwa na haki," akasema. "Ni kalitusi yangu njo inaua mboga yako. Pardon, maman. Pardon, kweli."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikajibu, "Nilikuambia."

Kesho yake alikwenda kutafuta mbao, akanitengenezea masanduku matatu ya kupandia, yenye miguu na, bila shaka, yenye milango midogo ya kutolea maji. Akaagiza mbegu kwa shangazi yake wa Charleroi. Kila nilipochuma jani kwenye masanduku yale nilijiona mchawi.

Kisha ikaja baridi, na mimi nikaacha kazi iliyobaki ya kuuua ule mti mikononi mwa Ubelgiji. Wiki moja ya Januari theluji ilianguka usiku na mchana. Mrozimari wangu wa chunguni, nyuma ya nyumba, ukafa. Maua ya mwenye nyumba yakawa kama majani ya chai. Asubuhi ya kwanza niliangalia uani nikamwona mume wangu amesimama ndani ya theluji, amevaa joho langu la bafuni, lile la waridi, na buti za kiwandani, anaupangusa mti kwa ufagio wa chooni.

"Utakufa wewe kabla ya huo mti!" nikampigia kelele.

"Aangalie!" akajibu, na sijui alikuwa anamwambia nani. "Maman, angalia vile anafanya!"

Nikaangalia. Matawi yalikuwa yameinama chini ya uzito, lakini hayakuvunjika. Alipoyagusa na ufagio, theluji ikamwagika shingoni mwake, tawi likapanda juu polepole na majani yake yote, ya kijani, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Juu, dirisha likafunguka. Mwenye nyumba, ambaye kwa miaka sita alikuwa amenisemesha habari za takataka tu, alipiga makofi.

Mume wangu aliingia ndani amejaa maji na kucheka. Akampigia simu ndugu yake Lubumbashi, akazungusha simu dirishani aonyeshe. Ndugu yake, ambaye kule joto lilikuwa linamtoa roho, aliuliza kama mume wangu alisafiri mbali hivyo ili aje kumwonyesha kalitusi. Mume wangu hakujali. Ile ndiyo siku aliyolitundika koti lake mlangoni.

Februari mafua yakashika kila mtu. Kiongozi wa kwaya ya parokia yake, mama mmoja wa Likasi mwenye sauti ya kuweza kusimamisha lori, alisikia habari za mti akaja amejifunga vitambaa vitatu.

"Papa, nipe majani nijifukize," akamwambia mume wangu. "Kifua kinaniuma sana. Dawa ya ku pharmacie nimekunywa, bure."

Mume wangu alitoka uani kama padri anayekwenda kufungua tabernakulo. Akakata majani saba, akayahesabu kwa sauti. Mimi nikaweka maji jikoni. Tukayatia ndani ya beseni, yule mama akainama, nikamfunika blanketi.

Akavuta mvuke. Kisha sauti chini ya blanketi: "Eh. Hii haina harufu."

"Vuta vizuri," mume wangu akasema.

"Ninavuta, papa. Ni maji ya moto tu."

Nilinusa. Ilikuwa kweli. Mkaratusi wa kwetu ukiuvunja jani machozi yanakutoka. Huu wa theluji ulikuwa na harufu ndogo ya majani, kama mboga iliyosahauliwa. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amesimama na mkasi mkononi, na uso wake ulikuwa unarudi polepole kwenye ule uso wa kiti na koti.

Sikufikiri. Nilifungua kabati, nikatoa kikopo cha mafuta ya kuchua, yale ya menthol, nikachota kidole kizima. "Ngoja niongeze maji ya moto," nikasema, nikainua ncha ya blanketi na kukitumbukiza kidole ndani.

"Aaah!" ikalia sauti ya Likasi. "Yesu! Sasa njo inakuja! Hii njo kalitusi ya kweli!"

Mume wangu akavuta pumzi. "Muti ya milima," akasema, "inachukua wakati."

Baada ya hapo hatukupumzika. Kwaya nzima ilikuja, sauti ya kwanza hadi ya nne. Wakafuata akina mama wa msikiti wetu, ambao walikuwa hawajakanyaga kwangu toka nilipoolewa na kafiri. Nikawakuta jikoni mwangu, Waislamu kwa Wakatoliki, wamekaa duara na mablanketi vichwani kama magunia ya muhogo, wanashukuru kila mmoja kwa njia yake. Mume wangu alikuwa anagawa majani: saba kwa mtu mzima, matano kwa mwenye presha. Alizitoa kichwani kanuni hizo, kwa ujasiri ambao sijawahi kuuona hata kwa madaktari. Mimi nilikuwa nyuma yake na kikopo ndani ya mfuko wa aproni.

Binti yetu hakupenda. "Mama, mvuke unaunguza watu," aliniambia. "Tunafundishwa hivyo. Na huu mti hauwezi kunuka hivi. Nimelitafuna jani mwenyewe."

"Soma vitabu vyako," nikamjibu.

Jumapili moja baada ya misa walikuja wanne kwa pamoja, watatu wa kwaya na mmoja wa msikitini, na kikopo kilikuwa kinaisha. Nikafungua kipya, kidole kikazama zaidi ya nilivyotaka, nikatia chote kwenye beseni la kiongozi wa kwaya. Haikupita dakika, blanketi likaruka.

"Macho! Macho yangu! Minakuwa kipofu!"

Akasimama, akagonga kiti, akagonga mwenzake, beseni la pili likapinduka, mama wa msikiti akapanda juu ya stuli na miguu yake yote. Binti yetu alitoka chumbani mbio, akamshika yule mama, akamwinamisha kwenye sinki na kumwoshea macho kwa maji baridi hadi makelele yakawa malalamiko ya kawaida. Kisha akainama, akanusa beseni, akaninusa mkono.

"Ni mafuta ya kuchua," akatangaza kwa sauti ya wodi. "Mama anawatilia. Mti hauna kitu."

Mume wangu alikuwa mlangoni na majani ishirini na nane mkononi. Aliyaweka juu ya friji, vizuri, akatoka uani.

Nikamfuata. Alikuwa anautazama mti, siyo mimi.

"Unafanya hivi toka lini?"

"Toka siku ya kwanza."

"Hata ile siku ya kwanza kabisa?"

"Hata hiyo. Niliuona uso wako, papa. Sikuweza kuuvumilia."

Akaokota jani lililoanguka. Nikadhani kwa kuwa nimekwisha kuingia matopeni, bora niingie hadi kiunoni. "Na lengalenga haikuuawa na mti," nikasema. "Nilimwaga maji ya chumvi niuue huu. Yakateremka."

Hapo akageuka. Ya kikopo naona aliyapokea kama mapenzi ya ajabu, lakini ya chumvi yalimwingia.

"Ulitaka kuua muti yangu," akasema. "Na mimi nilikuomba pardon."

"Ndiyo."

"Nilikutengenezea masanduku."

"Ndiyo. Ni mazuri."

Siku mbili hakunisemesha. Aliongea na mti, aliongea na binti yetu, hata na mwenye nyumba aliongea, kwa Kifaransa kirefu. Mimi nilipewa "oui" na "non". Nilipika kila anachopenda, akala bila kusema asante, na nikakubali, kwa kuwa ningekuwa mimi nisingekula. Siku ya tatu nilimkuta jikoni ameshika sufuria ile kubwa ya sherehe, anaitazama ndani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikadhani analia, nikamkimbilia.

Alikuwa anacheka, kicheko kile kisicho na sauti kinachomtoa mtu machozi. "Uliteremsha wewe mwenyewe," akasema, "ku mboga yako," na akashindwa kumaliza. Nami nikaanza. Tulicheka hadi binti yetu akaja kuuliza nani ameungua.

Mume wangu mwenyewe ndiye aliyewatangazia watu wa parokia, baada ya misa, kwamba mti wake ni wa kutazama tu. Nilidhani jikoni mwangu patakuwa patulivu. Jumapili iliyofuata kengele ililia. Kiongozi wa kwaya, macho yamekwisha kupona, alikuwa mlangoni na wenzake watano, kila mmoja na kikopo chake mwenyewe.

"Tunaleta dawa," akasema. "Majani njo utatupa."

"Lakini majani hayana kitu, mama!"

"Tunajua. Tutie tu." Akanipita, akavua viatu.

Kuhusu mwenye nyumba, yale mazungumzo marefu ya Kifaransa yalikuwa na maana. Alikuwa na dada yake Woluwe mwenye bustani iliyomshinda, na alikuwa amemwona mume wangu akipangusa theluji kwa ufagio wa choo. Mtu wa namna hiyo, alimwambia dada yake, hawezi kuua mmea. Mume wangu alikwenda kukata ua wa miti, akarudi na jina la mafunzo ya ukulima wa bustani kwa watu waliopoteza kazi. Alijiandikisha, akiwa mkubwa kuliko mwalimu. Sasa anajua majina ya Kilatini ya kila jani la mtaa huu, na anayasema mezani, bila kuombwa.

Mti umefika kwenye dirisha la ghorofa ya juu. Gome limeanza kubanduka chini, vipande virefu, na ndani yake kuna ile rangi ya maziwa iliyokuwa pichani. Mwenye nyumba alishuka kuuliza kama unaumwa. Mume wangu akamweleza kwa dakika ishirini kwamba hapana, ndivyo unavyokua. Mimi siupendi, niseme kweli. Lakini simwagi kitu tena.

Siku yake ya kwanza ya kazi halisi, na kikosi kinachohudumia bustani za watu, alirudi saa kumi na moja jioni, magoti yana tope, mikono imechubuka. Nilikuwa nimempikia sombe, yaani kisamvu, na nyama ya mbuzi. Akaketi, akachukua kijiko, akaanza kunieleza habari za ua mmoja wa mita arobaini, na katikati ya sentensi kichwa kikashuka taratibu mpaka kwenye kitambaa cha meza. Nilimwita mara moja, kwa sauti ndogo. Alikoroma. Nikamwondolea kijiko mkononi, nikamwekea mto chini ya shavu, kisha nikavuta sahani yake karibu na yangu, nikala nyama yangu na nyama yake.